Maombi ya Pamoja, Kila Kanisa na Kamba Yake

Mimi nauza viatu. Nilianza Soko la Toi wakati marobota ya mitumba ndiyo yalikuwa yanaanza kumwagwa pale kwa wingi, na mpaka leo mtu akinipita namtazama miguu kwanza, uso baadaye. Mama yangu naye alikuwa na dini ya kuvua viatu. Sijui kama Mungu alikuwa anatutania. Binti anashinda akiwabembeleza watu wavae, mama anashinda akiwaambia wavue.

Kanisa lake lilikuwa moja ya yale ya kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani, lililokuja na watu wetu kutoka mkoa wa Western. Pale Soweto West, ndani ya Kibera, walikuwa na chumba cha mabati, ngoma mbili na kengele ya mkono. Viatu vilibaki mlangoni, na kama wanaomba barabarani, vilibaki kando ya barabara. Mama alisema Musa aliambiwa avue pale kwenye kichaka, na yeye hajasoma mahali Mungu alibadilisha hayo maneno. Ukimwambia kwamba Kibera ina matope na vipande vya chupa, anakuuliza kwani jangwani kwa Musa kulikuwa na kapeti.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja, mama mdogo wangu. Walikuja Nairobi pamoja, wakaishi chumba kimoja Kibera, wakafua nguo za watu pamoja huko Woodley. Halafu mama mdogo akaenda mkutano fulani wa injili, akaokoka, akaolewa na mtu wa huko, wakahamia Kawangware. Mchungaji wake mpya alikuwa mtu wa suti na sauti, na kila Jumapili alihubiri kwamba kuvua viatu na kupiga ngoma ni kurudi utumwani. Mama mdogo aliyameza hayo yote. Kwake, kukanyaga chini na mguu mtupu wakati wa maombi kulikuwa sawa na kumkana Yesu.

Usidhani waligombana. Hapo ndipo palinikera zaidi, kwa sababu wangegombana ningejua nitatue nini. Walipendana kupita kiasi. Mama mdogo alikuja na sukuma wiki kutoka shamba lake dogo la kando ya mto, mama akaenda kwake na unga wa wimbi uliotoka nyumbani. Lakini chai ikishamiminwa, ndipo shida inaanza. Sisi watu wa kwetu hatuwezi kunywa hata maji bila kuomba. Mama hakuweza kuomba na mtu aliyevaa viatu, na mama mdogo hakuweza kuvua. Basi walikuwa wanaangaliana, kila mmoja anangoja, chai inapoa, halafu mmoja anachukua kikombe kimyakimya. Siku moja mdogo wake alipotoka mama alikaa kitandani akaniambia, "Tunakunywa chai kama wapagani, mimi na mtoto wa mama yangu."

Niliwaambia waombe kila mmoja kivyake kimoyomoyo. Nilidharauliwa na wote wawili.

Walipokuwa wasichana, bibi yangu aliwapigisha magoti kila jioni kwenye mkeka mmoja. Mkeka ulikuwa mdogo na mama mdogo alikuwa mkaidi, anajitandaza katikati. Mama anamwambia asonge, hasongi, wanasukumana mpaka bibi anawazaba makofi wote wawili ndipo amina inapatikana. Hiyo hadithi mama aliirudia kila mara, anacheka mpaka anajifuta macho na leso.

Mwaka ule wa vyama vingi, moyo wake ukaanza kumsumbua. Miguu ilivimba. Daktari alisema apumzike, aache kufua, na ikiwezekana apelekwe nyumbani penye hewa. Mjomba akatuma neno kwamba chumba kiko tayari. Mama akakubali kwenda, lakini akaweka sharti moja. Hapandi basi kabla hajaomba na mdogo wake. Mara moja tu, bega kwa bega, kama kwenye ule mkeka. Alisema anajua mwili wake, na hataki kwenda kuonana na mama yao aliyetangulia na kuulizwa, mdogo wako umemwacha wapi.

Sasa ona mambo yalivyojipanga. Kwetu nyumba zilikuwa zinachomwa kwa sababu ya siasa, na watu walikuwa wanafika Kibera na magodoro mgongoni, wanaomba pa kulala kwa jamaa zao. Wajaluo walikuwa na hofu, Waluhya walikuwa na hofu, wenye nyumba na wapangaji walikuwa wanatazamana vibaya. Viongozi wa makanisa ya Kibera na ya Kawangware wakasema lazima tuombee nchi pamoja. Makanisa yote. Uwanja mmoja, siku moja, sauti moja. Tangazo lilisomwa kila kanisa, na mama aliporudi siku hiyo alikuwa amechangamka mpaka akanipikia.

"Makanisa yote," akaniambia. "Umesikia? Na la mama yako mdogo pia." Kwake hiyo ilikuwa barua iliyotoka mbinguni moja kwa moja na jina lake juu. Tutasimama pamoja, tutaomba pamoja, halafu napanda basi.

Kanisa la mama lilinichagua nikakae kwenye kamati ya maandalizi. Si kwa utakatifu. Walisema nina mdomo wa soko, sitaogopa watu wa suti. Nilikubali kwa sababu ya mama, na nilijuta wiki ya kwanza tu.

Woi, ile kamati! Tulikutana mara Kibera kwenye darasa la chekechea, mara Kawangware kwenye kanisa la yule mchungaji wa mama mdogo. Wakubwa wazima tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, tunabishana. Nani atafungua kwa sala? Wakatoliki wanataka ishara ya msalaba, wengine hawaitaki. Wale wa Jumamosi hawawezi kubeba viti siku ya Sabato. Wale wa bendi na magwanda wanataka kuingia wa kwanza wakipiga tarumbeta. Wa vipaza sauti wanasema ngoma zitazima mahubiri, wa ngoma wanasema vipaza sauti vitamzima Roho. Nilikuwa naacha meza yangu Toi kwa jirani ili nije kusikiliza mambo hayo.

Hata hivyo nitasema ukweli, mengi yalipatiwa dawa. Kila kanisa lilipewa zamu yake. Siku ikawa Jumapili mchana na wale wa Sabato wakacheka kwamba kwao ni siku ya kazi, watabeba viti hata vya jirani. Nilianza kuona kama tutafika.

Kisha mzee wa kanisa letu akasimama, mtu mpole mwenye kilemba, akasema uwanja ukishaombewa utakuwa mahali patakatifu, kwa hiyo anaomba wote watakaoingia wavue viatu langoni.

Nyumba ikalipuka. Mchungaji wa Kawangware akasema waumini wake hawatavua, Mungu anatazama moyo, hatazami soksi. Mtu akauliza nani atalinda viatu vya umati wote huo, Nairobi hii tunayoijua. Mchungaji akanigeukia, akasema kwa sauti ya utani kwamba pengine huyu dada wa Toi anatafuta stoki ya bure. Darasa zima likacheka, hata mzee wetu akacheka. Mimi nikamwambia viatu vyake nimeviona, soli imeliwa upande mmoja, hata bure sichukui. Wakacheka zaidi. Lakini moyoni nilikuwa nachemka, kwa sababu wao walikuwa wanazungumzia viatu na mimi nilikuwa nazungumzia mama yangu.

Nilijaribu kuwaeleza. Nilisema tuko na watu kwenye familia moja ambao hawajaomba pamoja miaka na miaka kwa sababu ya jambo hili hili, kwa nini kwa saa moja upande mmoja usilegeze? Nilimwangalia mchungaji. Nilimwangalia mzee wetu. Kila mmoja alitikisa kichwa kwa huruma, kila mmoja akakubali kwamba ni kweli, upande ule mwingine ulegeze.

Suluhisho lilitoka kwa mwenyekiti, na kila mtu alilipenda. Kamba. Tutafunga kamba za katani uwanjani, kila kanisa na eneo lake. Ndani ya kamba yako unafanya kama mlivyozoea. Unayevua, vua. Unayevaa, vaa. Wakapiga makofi. Mmoja akasema hapo Roho amesema. Nikauliza, sasa hayo ni maombi ya pamoja ama ni soko lenye vibanda? Niliambiwa nina roho ya upinzani.

Mama sikumwambia mambo ya kamba. Niliona nitafikiria njia.

Siku ikafika. Uwanja ulikuwa karibu na Dagoretti Corner, ili isiwe Kibera wala Kawangware na mtu asiseme ameenda kwa mwenzake. Kanisa letu lilitoka Soweto West kwa maandamano, bendera mbele, ngoma nyuma, watu wanakimbia kwa madaha yale ya kwetu. Mama hangeweza kukimbia, hata kutembea kulikuwa shida, basi nilimpandisha kwenye mkokoteni wa soko, nikautandika magunia, na jirani yangu wa meza ya pili akausukuma. Mama alikaa pale na kanzu yake imepigwa pasi, anapungia watu wa Ngong Road mkono. Kwa siku nyingi sikuwa nimemwona na furaha kama hiyo.

Alipoziona kamba akaniuliza ni za nini. Nikamwambia ni za utaratibu. Akaivuta moja kidogo kwa kidole, akaiachia. Mama hakuwa mjinga.

Tukaingia eneo letu, wakavua, mzee akapiga kengele. Na hapo lazima nieleze, kwa sababu kila kitu kilikwama hapo. Kwa watu wa mama, kengele ya kwanza ikishapigwa, ardhi ile imefungwa. Ukitoka ukakanyaga mahali watu wamesimama na viatu, huwezi kurudi mpaka wazee wakuombee upya nje. Na mgonjwa aliyetoka katikati ya maombi, hiyo ni ishara mbaya kabisa, hakuna atakayeithubutu. Kwa hiyo mama alikuwa ndani na hawezi kutoka mpaka kengele ya mwisho.

Mama mdogo alikuja akitutafuta. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya mkanda na kifungo cha chuma, vipya, si vya kutoka kwangu. Alitembea kando ya kamba mpaka akatupata, mama akasogea, wakasimama wakiangaliana na ile katani katikati yao, imefika kiunoni.

"Vua uingie," mama akamwambia. "Dakika moja tu."

"Dada, wewe vaa utoke. Dakika hiyo hiyo moja."

Wakacheka. Aki wakacheka wote wawili, kama wasichana. Kisha mama akageuka kidogo kuwatazama wazee wake, na mama mdogo akageuka kutazama jukwaani, ambapo mchungaji wake alikuwa anajaribu kipaza sauti na macho yake yanazunguka uwanja mzima. Walipoangaliana tena kicheko kilikuwa kimeisha. Kila mmoja alikuwa anangoja mwingine, vile vile kama wanavyongoja juu ya chai.

Nilishikwa na hasira ya ajabu. Niliinama nikaanza kufungua fundo la kamba kwenye kijiti ilipofungwa. Nilifikiri, isipokuwepo kamba hakutakuwa na ndani wala nje. Mzee wetu akanishika mkono, akaniambia kwa upole nisiwaletee fujo siku ya Bwana. Kutoka upande ule mwingine akaja msimamizi na utepe wa rangi kifuani, akamwambia mama mdogo arudi kwa watu wake, maombi yanaanza. Naye akarudi. Aligeuka mara moja, akatuinulia mkono.

Wakati wa kuombea nchi ulipofika, watu waliomba kweli. Siwezi kusema hawakuomba. Ngoma zililia, tarumbeta zikalia, wengine wakinena kwa lugha, wengine kwa rozari, watu waliochomewa nyumba wamelala kifudifudi kwenye nyasi. Mama alipiga magoti, na mimi nilimshika bega asianguke. Macho hakuyafumba. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kijani kichwani kwa mdogo wake katikati ya vichwa vile vyote, na kila akikiona, watu wanainuka wanakifunika.

Mwishoni mchungaji wa Kawangware alichukua kipaza sauti akamshukuru Mungu kwa ajili ya umoja. Alisema hakuna kanisa hata moja lililomkwaza jingine. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Kengele yetu ya mwisho ilipolia, watu wa Kawangware walikuwa wameshapanda magari yao. Tulirudi na mkokoteni. Nilisubiri mama alalamike ili nipate nafasi ya kufoka, lakini hakulalamika. Tulipofika karibu na Toi akasema, "Tulikuwa karibu sana. Hata nimesikia harufu ya mafuta yake." Mafuta ya nazi, yale ya kichupa cha kijani, waliyapaka tangu walipokuwa chumba kimoja.

Basi alilipanda lile basi. Mjomba alikuja kumchukua na hakukuwa na sababu nyingine ya kungoja. Mama mdogo alimsindikiza mpaka Machakos Bus, kile kituo cha mabasi cha mjini, akambebea mkoba, wakaagana kwa kushikana muda mrefu, hawakuomba. Mama mdogo akaahidi atakuja Krismasi, watakaa wiki nzima, watalizungumza hilo jambo vizuri. Mama akasema atamngoja.

Mama hakufika Krismasi. Mahindi ya vuli yalikuwa bado yamesimama shambani alipotuacha.

Watu wa Kawangware walikodi basi, wakaja kumzika. Nilipomwona mchungaji anashuka na Biblia kwapani nilijua kitakachofuata, kwa sababu wazee wa kanisa la nyumbani walikuwa wamesimama kwenye lango la boma, wanawaambia wageni kwa sauti ya chini kwamba marehemu alikuwa mtu wa kuvua viatu, na boma limeshaombewa. Nikajiandaa. Niliapa kwamba akileta maneno ya soksi na moyo mbele ya jeneza la mama, nitamtoa boma hilo mwenyewe kwa mikono yangu.

Mchungaji alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akainama. Akafungua kamba za viatu vyake. Akavua soksi, akazikunja vizuri akaziingiza ndani ya viatu, akaviweka chini ya ghala pamoja na vya wengine. Hakuchukua muda wowote. Aliponiona nimemkodolea macho akatabasamu kidogo akasema, "Hapa ni kwa wenyewe, dada. Lazima tuwaheshimu."

"Na kule uwanjani kulikuwa kwa nani?" nikamwuliza.

Akanijibu, na jibu lake lilikuwa la kweli, nitampa hilo. Alisema kule waumini wake wote walikuwa wanamwangalia. Akanipa pole, akapita, anakanyaga polepole kwa ile miguu yake laini ya mtu wa mjini.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Vikao vyote vile, viti vya watoto, kamba, vijiti, na mtu anaweza tu kuinama na kuvua.

Mama mdogo alikuwa nyuma yake. Alikuwa amesimama langoni na vile viatu vya mkanda, anatazama vidole vya mchungaji wake vikienda mbali kwenye vumbi. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini pale pale langoni, na kanga yake nzuri, akaanza kuhangaika na mkanda. Kifungo kikakataa. Nilipiga magoti nikamfungulia, mguu mmoja, halafu mwingine. Hiyo ndiyo kazi yangu, kila siku nawavua watu viatu na kuwavisha. Nilikuwa na maneno mengi tayari kwenye ulimi. Nilitaka kumwuliza dakika moja ni kitu gani. Nilipomwona uso nikayameza, kwa sababu yote alikuwa ameshajiambia mwenyewe.

Kando ya kaburi walikuwa wametandika mkeka kwa ajili ya watu wa karibu. Mama mdogo alienda miguu mitupu mpaka hapo. Alipiga magoti pembeni, pembeni kabisa mpaka goti moja likawa kwenye udongo, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Mjomba akamwashiria aingie vizuri, nafasi ipo. Hakuingia.

"Nimesonga, dada," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na viatu vyake mkononi, na nusura nivirushe kwenye mahindi, pamoja na vya mchungaji.